Faili ya Ombui

Kambi Nambari Nne,
Barabara ya Kapkatet.
Jumatatu, 17 Novemba 2025.

Kwa dada yangu Mellen,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, nyingi kama majani ya msimu wa mvua, hata kama mwaka huu mvua imekuja na mawe na majani yenyewe yametoboka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la Machakos kimekuachilia. Ukitaka kujua hali yetu, Mama ni mzima ila mgongo. Ombui ni mzima wa mwili, anakula, anakimbia, viatu vya Pasaka havimtoshi tena. Mimi niko. Sijui neno lingine la kuweka hapo.

Najua utashangaa kuona karatasi, na simu iko. Barua nitampa Zack, yule dereva wa lori la chai anayeshuka Mombasa kila Jumatano. Amesema akifika pale Junction ya Machakos atakupigia uje uichukue. Nimeandika kwa sababu kwa simu ungeniuliza maswali, na mimi nikiulizwa swali jibu linalotoka kwanza huwa si la kweli, huwa ni lile linalomaliza mazungumzo haraka. Wewe unanijua.

Mambo ya hapa kwanza. Mawe yalianguka wiki jana yakapiga chai ya upande wa mto mpaka ikabaki vijiti. Mashine za kuchuna zimefika hadi shamba la juu. Mashine moja na watu watatu wanamaliza kwa asubuhi moja mstari ambao kina Mama walikuwa wanaumaliza kwa siku mbili, kwa hivyo Mama amehamishiwa kupalilia. Anasema afadhali jembe, kwa sababu jembe halimpiti mtu likimcheka. Shule tulifunga mwezi uliopita. Kwenye ripoti mwalimu wa darasa ameandika kwamba nina uwezo lakini siongei. Huandika hivyo kila muhula, nadhani siku hizi ametengeneza muhuri.

Sasa nije kwa faili.

Januari uliponiachia ile faili ya kijani ulinikalisha kitandani ukanieleza kazi kama vile mimi ndiye ninayejiunga na chuo. Ulisema kila mwanafunzi wa elimu ya watoto wadogo lazima amfuate mtoto mmoja mwaka mzima na kuandika anavyokua, na mhadhiri wako amekubali umfuate Ombui, mtoto wako mwenyewe, mradi nyumbani kuna mtu wa kumwangalia na kuandika. Mtu huyo nikawa mimi, kwa kuwa mimi ni wa shule ya kutwa. Kila Ijumaa niandike, kila Jumapili nikutumie picha za kurasa, wewe unakili kwa mwandiko mzuri kwenye faili yako ya chuo. Ukaniachia pia zile nakala za somo la saikolojia. Nilizisoma kuliko vitabu vyangu.

Nilimpenda yule Mswisi wenu, anayesema mtoto hamiminiwi akili kama maji kwenye mtungi, anaijenga mwenyewe kwa mikono, hatua kwa hatua, na hatua hazirukwi. Ati mtoto akiangusha kijiko mara kumi huo si utundu, ni utafiti. Nilimsomea Mama hiyo siku Ombui alikuwa anaangusha kijiko. Mama akasema basi huyo Mswisi aje aokote, na akimaliza utafiti wake aoshe na vyombo. Kisha kuna yule Mrusi, anayesema mtoto hajengi peke yake, anajifunza akiwa ameshikwa na mtu anayejua zaidi. Leo mnafanya wawili, kesho anafanya mwenyewe. Na kwamba maneno huanza nje, kati ya watu, halafu mtoto hujisemea kwa sauti akicheza peke yake, halafu ile sauti inazama ndani na kuwa mawazo. Hapo nilisoma mara mbili. Nilijiona. Nilifikiri labda mimi yangu yalizama mapema sana.

Nilifanya majaribio yote uliyoniandikia. Nilificha kijiko chini ya leso, akakitafuta. Nilimpaka masizi kwenye paji la uso nikampa kioo. Januari alipangusa kioo, Machi akapangusa uso wake mwenyewe, kisha akanitazama kama mtu aliyeonewa. Nilimimina chai kutoka kikombe kifupi hadi glasi ndefu nikamwuliza wapi kuna chai nyingi. Alikunywa zote mbili, na wewe ukaandika kwamba hatua hiyo bado. Na aliongea. Unakumbuka ulivyopiga kelele kwenye simu mpaka mwenzako wa chumbani akauliza kama umeshinda bahati nasibu? Alisema “maji isha.” Alisema “ng'ombe lala.” Alisema “Bona kuja,” akinivuta sketi. King'ora cha kiwanda kikilia saa nane alikuwa anakimbilia mlangoni anakiiga, uuuu, mikono kiunoni, hadi majirani wakamwita Nyapara. Wakimwona walikuwa wanauliza, Nyapara, leo tuende kazi ama tulale? Naye anawaambia, “Kazi!”

Hadi hapo, dada, kila kitu kwenye faili ni cha kweli. Kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na tisa. Tafadhali weka kidole hapo.

Ijumaa ya tarehe tisa Mei, asubuhi nikijifunga viatu vya shule, aliniambia, “Bona, moto.” Nilidhani anaongea juu ya jiko. Nikamwambia ndiyo, moto, usiguse. Nikaenda shule. Alikuwa anaongea juu ya kichwa chake.

Mengine ulielezwa, ile degedege, ile hospitali, siku kumi na moja, homa ya uti wa mgongo. Walimwokoa. Nataka niandike hilo wazi, kwa sababu nikianza kuandika makosa sitaki mtu mwingine aonekane ndani yake. Wewe ulitaka kuja, Mama akakukataza, ati mtoto ameshapata nafuu na wewe una mitihani, ukija utamtazama tu. Likizo ya Agosti nayo ukabaki huko kwa mazoezi ya kufundisha. Ndiyo maana hujui.

Aliporudi nyumbani alitembea kama mlevi karibu wiki mbili. Mama akasema ni udhaifu, akampikia uji wa wimbi. Kutembea kukarudi. Maneno yakaanza kuisha. Hayakukatika siku moja, yalilika kidogo kidogo kama kipande cha sabuni. “Maji” ikawa “ma.” “Bona” ikawa “mmm.” Jumanne ya tarehe kumi Juni, kwenye mfereji, alionyesha maji kwa kidole akasema “ma.” Sikusikia kingine baada ya hapo. King'ora kililia saa nane na yeye akaendelea kupanga vifuniko vya soda kwa mstari, hata hakuinua kichwa. Niliandika ile tarehe nyuma ya daftari kwa penseli. Picha ya ukurasa huo sikukutumia.

Kwenye faili, ukurasa wa ishirini unasema ameanza kuongea tena, maneno mawili mawili, kama inavyotakiwa kwa umri wake. Wa ishirini na tano unasema maneno matatu. Wa thelathini na mbili anauliza kwa nini. Kurasa hizo nitazifikia. Naomba uvumilie niandike kwa mpangilio, kwa sababu leo mpangilio ndio kitu pekee kinachonishikilia kwenye kiti.

Aliyegundua ni Madam Cheptoo wa chekechea ya kambi. Mimi sikumwambia kitu. Mama alipohamishiwa kupalilia tulianza kumpeleka Ombui pale asubuhi, na wiki haikuisha. Mwalimu huyo alimfuata Mama kwenye mfereji, mbele ya wanawake wote na mitungi yao, akamwambia, Mama Mellen, huyu mtoto nimempigia sufuria nyuma ya kichwa. Wenzake wote wameruka, mmoja amejikojolea. Yeye hata kope haikutingika. Mama alicheka. Akasema hiyo ni damu ya kwao, hata huyu Bonareri alikaa miaka minne bila neno, tukamwombea kanisani Sabato baada ya Sabato, na siku alipofungua mdomo alisema “tokeni.” Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema basi huyo mjukuu wako naye akifungua, atatufukuza kambi nzima. Nilikuwa hapo hapo na mtungi wangu kichwani. Madam Cheptoo ndiye hakucheka. Alisema Bonareri alikuwa ananyamaza, lakini huyu hajui kama kuna kelele.

Unaona, dada, hapo ndipo sisi tulipopotea. Watu wengine mtoto wao akikosa kuongea wanaogopa. Sisi tulikuwa na mfano nyumbani. Tulikuwa na mimi.

Mama alikataa apimwe kwa wiki tatu, kisha akakubali kwa sababu ilikuwa bure. Jumapili ya tarehe tisa mwezi huu kulikuwa na kambi ya matibabu kanisani kwetu, na alikuja mtaalamu wa masikio, mama mmoja wa upande wa ziwa anaitwa Eddah. Mrefu, sauti kubwa, mkononi ana kisanduku chenye waya. Alimwambia Ombui, daktari, leo mgonjwa ni mimi, akainama akamwacha amwekee yeye kwanza vile vidude vya masikio. Ombui akamwekea kimoja puani. Eddah alicheka mpaka kiti kikalia. Ombui alimtazama mdomo, akafungua wake pia, akacheka bila sauti.

Alimpima mara tatu, kwa sababu kwaya ilikuwa inafanya mazoezi chumba cha pili. Alikuwa na orodha ya watoto wanane ambao watapelekwa Kericho tarehe nane Desemba kupimwa kwa mashine ya kweli, na watakaopatikana na shida wataandikiwa vifaa, na mwalimu wa kuwafuata nyumbani. Wanane tu, gari ni moja. Nilimwona akianza kuandika jina la Ombui kwenye nambari ya saba. Halafu akamwuliza Mama swali la kawaida kabisa, mtoto aliacha kuongea lini.

Mama akasema hajaacha. Akasema hapa nyumbani ni mvivu tu, lakini kila Jumapili anaongea na mama yake kwa simu, namsikia kwa masikio yangu nikiwa jikoni, anaongea kama redio. Eddah akaweka penseli chini. Alisema basi hapo kuna kitu hakijakaa sawa, maana mtoto asiyesikia hawezi kujibu simu. Labda ni maji ndani ya sikio, labda ni hii kwaya inamchanganya yeye Eddah mwenyewe. Akanigeukia mimi. Ombui alikuwa kwenye mapaja yangu. Akasema, sister, si wewe ndiye unamshikia simu? Ni kweli anaongea?

Niliitikia kwa kichwa.

Alifuta jina. Alifuta taratibu, kwa kifutio, kisha akapuliza ule uchafu wa kifutio, akaandika jina la mtoto mwingine. Akatupa dawa ya matone na kusema tumrudishe baada ya miezi sita. Na akasema, bila ubaya, kwamba angependa isiwe sita, maana lugha ina mlango wake kichwani mwa mtoto na haungoji mtu. Hayo unayajua, yako kwenye nakala zako, ule ukurasa wenye picha ya ubongo. Mimi pia niliyajua. Niliyajua nikiitikia.

Sasa kurasa zile.

Tarehe ishirini na mbili Juni ulipiga simu ukaomba nimweke Ombui. Nilimwekea sikioni. Aliigeuza, akailamba. Uliita jina lake mara nyingi, mimi nikisikia sauti yako ikitoka ndani ya mkono wake kama mdudu. Halafu ukaanza kulia. Ulisema wiki hiyo mmefundishwa juu ya kamba iliyopo kati ya mama na mtoto, kwamba mtoto mdogo akiachwa kwanza hulia, kisha hukata tamaa, kisha hujitenga, na mama akirudi anamtazama kama mgeni wa njiani. Ulisema Ombui amefika hatua ya tatu. Ulisema hufai kufundisha watoto wa watu ukiwa umemwua wako moyoni, kesho unafunga sanduku, diploma ibaki, unarudi nyumbani kuchuna chai.

Mimi nilifikiria zile mashine. Nilifikiria kwamba hakuna chai ya kurudi kuchuna. Ulikuwa unalia, na mimi kulia kwa mtu mwingine sikuwezi. Nikachukua simu mkononi mwake, nikaifanya sauti yangu ndogo, nikasema, “Mama.”

Kilio kikakatika. Halafu ukacheka, na ukaniambia rudia.

Ni mimi, dada. Siku hiyo na kila Jumapili baada yake. Jumapili ishirini na moja. Aliyekuuliza kama Machakos kuna ng'ombe ni mimi. Aliyekuuliza kwa nini mvua ina mawe na haina miguu ni mimi. Hata ile jioni ya tarehe tisa, tumetoka kanisani na yale matone, aliyekuambia “leo nimepimwa” ni mimi. Jana nilikuandikia kwamba betri inaisha. Betri ilikuwa imejaa.

Nikishasema kwa simu ilibidi niandike kwenye daftari, ili viwili vilingane. Nilifuata nakala zako kama ratiba. Julai maneno mawili, Agosti matatu, Septemba maswali, Oktoba nikamfanya ajisemee peke yake akicheza, kwa ajili ya yule Mrusi. Nilikuwa naweka na makosa ya kitoto, machache kwa hesabu, ili isiwe safi sana. Uliniambia mhadhiri amesema mtoto huyu anapita hatua kana kwamba amekisoma kitabu. Alikuwa amekisoma.

Mama sikumpanga aseme vile kwa Eddah. Yeye alikuwa jikoni, akisikia sauti ya mtoto chumbani. Nilimweka Ombui kwenye mapaja ili akichungulia amwone.

Ningeweza kuishia hapo, ungeelewa, ungesema nilitaka usiache chuo. Ni kweli nilitaka. Lakini hiyo ni ya ile Jumapili ya kwanza tu. Zile nyingine nilipenda. Darasani nikiitwa jina ulimi unakauka, nasimama naangalia dawati mpaka mwalimu achoke. Kwenye simu, nikiwa na miaka miwili, niliongea. Nilikuwa mcheshi. Ulikuwa unaniita mwanangu. Ulisema nina akili, ulisema mama anakupenda, mama atakuja Krismasi akubebe mgongoni mpaka dukani. Nilikuwa nasema “ndiyo mama,” na nilikuwa napokea. Yalikuwa maneno ya Ombui, niliyala mimi.

Yeye kila Jumapili alikuwa anaweka kiganja kwenye koo langu. Sikumfundisha. Simu ikianza anakiweka, anakaa kimya kabisa, na mdomo wake unafunguka na kufungika pamoja na wangu. Nimetafuta hatua hiyo kwenye nakala zako zote, haiko. Viko vingi ambavyo haviko huko na sikuviandika. Mama akiwa anarudi anajua kabla ya mlango kufunguliwa, anahisi hatua zake kwa miguu, kwenye sakafu. Chai ana ishara yake, ngumi mbili, moja inamiminia nyingine. Madam Cheptoo ni kidole shavuni, kwa sababu ya ile alama yake. Jana saa ile ya kupiga simu ilipofika na mimi sijaishika, alikuja akasimama mbele yangu, akaweka kiganja kwenye koo lake mwenyewe, akangoja. Nadhani hiyo ndiyo wewe. Nadhani hilo ndilo jina lako.

Nimefikiria sana yule mtu anayesema mwenye kujua amshike asiyejua mpaka aweze mwenyewe. Mimi nilimshika. Nilimshika vizuri, hakuanguka hata siku moja. Nikasema mahali pake, na watu wote wakapumzika kumsikiliza.

Sijalia, dada. Niambie kama hilo nalo lina hatua yake. Naosha vyombo, naenda mtoni, nalala, naamka. Namsikia Mama akiimba, namsikia kama mtu aliye ng'ambo. Nilidhani nikiandika kilio kitaanza mahali fulani, hapa kwa mfano, lakini naona mwandiko uko sawa tu.

Orodha ya Eddah inafungwa Ijumaa ya tarehe ishirini na nane. Nambari yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nilimpigia Alhamisi. Alisema haloo mara nne, akasema nani huyu, ongea mpenzi, nisikie, halafu nikakata. Mpigie wewe, kwa sababu wewe ni mama, na kwa sababu wewe utaweza. Mwambie neno la mwisho lilikuwa “ma,” tarehe kumi Juni, karibu na mfereji, na kwamba tangu hapo hakuna neno lake hata moja. Mwambie yule msichana aliyeitikia kwa kichwa alidanganya. Asipopata nafasi kwenye lile gari, mwulize kama tunaweza kwenda wenyewe, mimi nitambeba.

Mama bado hajui. Tafadhali usimwambie. Niachie hilo nilifanye mimi, kwa mdomo, Jumamosi tukitoka kanisani. Nimejiwekea siku ili niikute mbele yangu.

Kuhusu faili, najua imechaguliwa kuonyeshwa kwa wenzako siku ya kufunga. Ukiirudisha kwa mhadhiri na kusema ukweli huenda wakakurudisha mwaka, na usiporudisha hakuna atakayejua ila sisi wawili. Sina ushauri. Mimi ndiye mtu wa mwisho kukupa ushauri juu ya faili hiyo. Nimekufungia ule ukurasa wa penseli ndani ya bahasha hii. Ni mchafu lakini tarehe inasomeka.

Mama anakusalimia na kusema usirudi bila kula, siku hizi kwenye picha shingo yako inaonekana. Madam Cheptoo anakusalimia, anauliza kama chuoni mnafundishwa lugha ya mikono, na kama hamfundishwi anataka kujua kwa nini. Zack atakusalimia mwenyewe. Hapa ndipo watu huandika kwamba mtoto naye anakusalimia sana. Sitaandika. Amekaa sakafuni, anavua kiatu na kukivaa, anavua na kukivaa, amekosea mguu na yeye hajali. Hajui kwamba nakuandikia. Sijui anawaza nini, wala anawaza kwa maneno gani, kama kuna yaliyobaki.

Ukija Desemba, usimwite kutoka mlangoni. Zunguka polepole uende mbele yake, upige magoti, akuone kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Bonareri.